Daftari Safi la Maabara

Mfano huu nilipewa na Mama Aikande, anayefua makoti meupe ya maabara kule mjini. Mimi si mzungumzaji, akina mama mnanijua, kwa hiyo nimeuandika na nitausoma.

Kulikuwa na kampuni ndogo ya utafiti, watu wanne katika vyumba viwili. Kwa miaka sita walitafuta dawa ya homa moja inayoua watoto, na hatimaye wakaipata. Lakini kuipata dawa si kuifikisha kwa mgonjwa. Inabidi ijaribiwe kwa watu wengi na itengenezwe kwa wingi, na kazi hiyo huwezwa na kampuni kubwa. Wakaiandikia kampuni kubwa moja kuomba washirikiane. Ikajibu kwamba itamtuma mtaalamu wake aje asome daftari la kazi.

Maabara zina desturi yao. Kila jaribio huandikwa kwa kalamu ya wino siku hiyohiyo. Ukikosea hufuti; unapiga mstari mmoja, kosa linabaki linasomeka, unatia sahihi pembeni. Daftari la mama aliyeongoza kampuni ile ndogo lilikuwa na mistari mingi. Akaona aibu. Akanunua daftari jipya, akanakili majaribio yaliyofaulu tu, na la zamani akalichoma.

Mgeni alipofika, alifunua kurasa taratibu.

"Hongera kwa mwandiko, dada. Lile lingine liko wapi?"

"Lipi?"

"La makosa."

"Hatukukosea."

"Miaka sita? Mimi leo tu nimevaa soksi mbili tofauti, na taa ilikuwa inawaka."

Mama yule hakucheka. Mgeni akalifunga daftari.

"Dawa hii inashindwa wapi? Nisipojifunza kwako, nitajifunza kwa watoto."

"Nimelichoma," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa mtatudharau."

Mgeni akafungua mkoba, akatoa daftari lake mwenyewe. Mnadhani lilikuwa safi? Kila ukurasa ulikuwa na mistari.

"Sisi tumeshindwa na dawa kama hii mara kumi na nne. Nilikuja kutafuta makosa yenu niyaweke kando ya yetu, tuone njia. Yaliyofaulu tungeyarudia wenyewe."

Akaaga. Dawa ikabaki kwenye jokofu, na homa ikabaki na watoto.

Je, sisi tunapopiga magoti, tunamfungulia Mungu daftari gani? Tunamsomea lile tulilonakili: nimefunga, nimetoa, nimesamehe. Naye anauliza lile lingine liko wapi, maana kazi anayotaka kuifanya pamoja nasi imo humo. Tutamjibu nini? Kwamba tumelichoma?

Mama Aikande aliniambia haya Jumatatu, akikunja makoti. Nyumbani nilikuwa na kadi ya mwanangu, anayetumia dawa za kifua kikuu. Kila siku ukimpa mtoto dawa unatia alama. Nesi alikuwa amenisifu mbele ya wenzangu kwa kuwa hakuna siku niliyoruka. Lakini siku tatu mtoto alitapika dawa zote, nami nikatia alama hivyohivyo.

Kesho yake asubuhi nilipiga mstari mmoja juu ya alama zile tatu, zibaki zinasomeka, nikaandika jina langu pembeni. Kisha nikambeba mtoto, nikaenda kumwonyesha nesi.