Unga Ndani ya Rejeta

Ugonjwa ukifichwa hauponi, hukua gizani kama uyoga. Anayeufunika kwa aibu huogopa macho ya mtu mmoja leo, na kesho huumbuka mbele ya umati. Ndiyo maana ya methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waliohudhuria harusi ya Déborah pale Kisangani hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baba yake, Papa Timothée, karani mstaafu wa bandari, alikuwa na gari jekundu la milango miwili, la Kijapani, lililoundwa kwa ajili ya mbio miaka thelathini iliyopita. Aliachiwa na kaka yake, marehemu Dominique. Siku chache kabla ya kufa, Dominique alimshika Déborah mkono akamwambia, "Mutoto wangu, siku ya ndoa yako utafika kanisani na gari hii." Tangu hapo gari lile halikuwa chuma tu. Lilikuwa neno la marehemu.

Miezi miwili kabla ya ndoa, rejeta ilianza kuvuja. Dereva mmoja wa lori la kwenda Banalia alimpa Papa Timothée dawa ya njiani: unga wa muhogo kidogo ndani ya maji, nao utaziba tundu. Yeye akatia vikombe viwili. Kweli, tundu liliziba. Lakini unga katika maji ya moto hufanya kazi moja tu, nayo kila mama asongaye ugali anaijua. Siku ya nne mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu.

Aliona aibu. Kwa miaka mingi alikuwa amewacheka majirani waliotengeneza magari yao kwa kamba na sabuni. Angesemaje sasa kwamba yeye ameipikia fufu injini ya mbio?

Alilipeleka gari kwa Germaine, fundi wa mtaa wa Kabondo aliyerithi kazi kwa baba yake. Germaine alipangusa kiti kwa kikwembe alichojifunga, akamkaribisha, akampa maji ya kunywa kabla hajafungua boneti. Alipoitoa rejeta alikuta vijia vyake vimejaa utando wa kijivu, mgumu kama gundi.

"Papa, uliweka kitu ndani ya maji?"

"Maji tu, binti yangu."

"Hata dawa ya kuziba? Watu wengi wanaweka, si neno."

"Nimesema maji! Labda matope ya mto."

Germaine aliukwaruza utando ule kwa kucha, akamtazama, akainamisha macho. Fundi hamwambii mzee mwenye umri wa baba yake kwamba anasema uongo. Akalifuata neno alilopewa: kama ni matope, maji ya kasi yatayatoa. Akaisukumia injini maji mpaka yakatoka safi, akaagiza rejeta mpya kutoka Kampala kupitia Bunia. Ilichukua wiki tatu kufika. Aliifunga kwa uangalifu, akabadilisha mipira ya maji, akahakikisha feni inazunguka.

Walipolijaribu, mshale ulipanda tena kabla hawajamaliza barabara moja.

Papa Timothée aliwaka kama petroli. "Umeharibu gari ya marehemu!" alifoka mbele ya wateja. "Nilijua! Mwanamke na injini, wapi na wapi? Rudi jikoni kwa pondu yako!"

Uso wa Germaine ulibadilika. Aliitupa spana ndani ya ndoo, maji yakaruka. "Papa, matusi nimesikia. Bon. Rejeta haina kosa. Kitu kimeganda ndani ya injini yenyewe. Nipe siku tatu nifungue kichwa chake niisafishe. Au uniambie leo uliweka nini."

"Donc mimi ni muongo?"

Germaine aliitoa spana ndani ya ndoo. Neno lile hakulitamka.

Papa Timothée aliondoka na gari lake, akaenda sokoni kulitangaza jina la Germaine: mwizi, muharibifu, msimkaribie. Wateja wa Germaine wakapungua hata akawa anashinda na vyuma vyake peke yake. Hata hivyo alimpigia Déborah simu. "Dada, mwambie papa asiendeshe ile gari katika msafara. Kwenda polepole kutaiua." Déborah alimwambia baba yake. "Huyo ana wivu," akajibiwa.

Siku ya ndoa ilifika. Kama ilivyo desturi, fanfare ilitangulia kwa miguu, matarumbeta yakilia, na gari la bibi harusi likafuata kwa mwendo wa konokono, jua likiwa la utosi. Upepo wa kuipoza rejeta haukuwapo. Mshale ukapanda.

"Papa, simamisha," Déborah alisema. "Iko kwenye nyekundu."

"Nyamaza! Karibu tunafika."

"Papa!"

"Nimesema nyamaza!"

Ko! Ko! Ko! Injini iligonga mara tatu, ikajikaba, ikazimika. Mvuke ulifumuka chini ya boneti, na pamoja nao harufu ambayo hakuna aliyeitarajia. Waendesha toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walizizungusha baiskeli zao wakasogea.

"Eh, Papa Timothée! Gari yako iko napika fufu!"

"Tuletee samaki basi, tule!"

Déborah alimpigia Germaine. Mtu mwingine angekata simu. Germaine alikuja mbio kwa pikipiki, na ovaroli yake ya kazi. Alisubiri mvuke upungue, akafunga mkono kwa kitambaa kilicholowa, akauvuta mpira wa juu wa maji. Donge la kijivu lilitoka, laini, likanyooka na kuning'inia.

Alilishika mbele ya macho ya Papa Timothée. "Mara mbili nilikuuliza, na ya tatu nikakusihi. Ungeniambia siku ile, ningeifungua injini nikaiosha, na leo ingekuwa inaimba. Sasa pistoni zimeshikana. Imekufa, Papa. Na jina langu umelizika pamoja nayo."

Déborah alishuka, gauni jeupe likiburuta vumbi. Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Uliacha dada huyu atukanwe sokoni kwa sababu ya unga wako?"

"Mwanangu, watu wanatazama..."

"Watazame! Siingii kanisani mpaka useme. Hapa hapa, kwa sauti."

Fanfare ilikuwa imenyamaza. Jasho lilimtiririka Papa Timothée mpaka kwenye kola. Siri aliyoshindwa kumnong'oneza fundi mmoja, sasa ilimbidi aitangazie njia nzima.

"Niliweka unga," alisema. "Germaine hana kosa. Mimi ndiye nimeua gari ya kaka yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Déborah alipanda toleka iliyokuwa karibu. Germaine alipangusa mikono yake vizuri kwa ovaroli, akainama, akalikusanya gauni lisishikwe na mnyororo, akaliweka mapajani mwa bibi harusi. Kisha akaisukuma baiskeli hatua za kwanza mpaka mwendeshaji akapata mwendo.

Bibi harusi alifika kanisani kwa baiskeli, na ahadi ya marehemu ikabaki katikati ya barabara, ikitoa mvuke. Papa Timothée aliufuata msafara kwa miguu, nyuma ya watu wote, na hakuna aliyegeuka kumngoja. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.