Mtamba wa Mkono wa Chande

Hapo zamani, na mkae vizuri maana hii sirudii, palikuwa na mpiga ngoma akiitwa Chande. Mpigaji hasa! Lakini kwa kujionyesha, loo! Siku moja alipanda juu ya paa apige huku akicheza. Puu! Mfupa wa mkono vipande viwili.

Mama yake, Bi Zamda, ndiye aliyekuwa muunga mifupa wa kijiji. Kila akiuvuta mkono, Chande anaruka kama panzi.

"Mkono unavimba," akasema Bi Zamda. "Nisipouvuta sasa utaunga kombo, na ngoma utaisikia kwa wenzio. Atakayemtuliza mwanangu, mtamba wangu, yule ng'ombe ambaye hajazaa, ni wake!"

Akaja Mwanakweli, mke wa kaka yake Chande, fundi wa vitendawili. "Shemeji, kitendawili!"

"Tega," Chande akaguna. Kabla hajamaliza kusikiliza: "Nakupa mji! Chukua na nchi nzima, niacheni nife!"

Bi Zamda akavuta, Chande akaruka. Kikategwa kingine. Mji! Kingine. Mji! Utamu wote ule wa vitendawili ulipotea bure, Chande mwenyewe hana haja nao.

Mlangoni alisimama Pazi, mpinzani wake, jicho kwenye ngoma ya Chande. "Sikia, bwana. Kinachofuata ukikipata, mimi sipigi tena ngoma hapa kijijini. Ukikikosa, yako naibeba leo leo."

"Wewe? Ngoma yangu?" Chande akakaa sawa. "Tega, shemeji! Upesi!"

"Jioni anameza ukoo mzima, asubuhi anawatapika wazima."

Chande akakunja uso. Mamba? Aa. Chatu? Chatu gani huyo wa kutapika watu wakaenda shamba! Midomo inamcheza, macho yako darini. Bi Zamda akavuta. Ka! Mfupa ukakaa. Chande hata kope hakupepesa.

"Nyumba!" akapiga kelele. "Nyumba, Pazi, nyumba! Eh, mama, mbona huvuti?"

Vigelegele! Kisha ugomvi.

"Mtamba wangu," akasema Mwanakweli. "Akili yake ilishikwa na nini kama si kitendawili changu?"

"Vyako si alivitema vyote?" Pazi akadakia. "Mimi ndiye niliyemfanya akitake."

"Ulitaka ngoma yake, mlafi we!"

"Niliitaka, ndiyo! Na bila tamaa yangu mkono ungekuwa kombo. Ngoma nimeacha, na mtamba nikose?"

"Kelele nyote," akasema Chande. "Aliyetulia nani? Si mimi?"

Bi Zamda ameshika kamba ya mtamba, anawatazama mmoja mmoja. Haya, nyie mnaotikisa vichwa kama mahakimu: je, kamba ile alistahili kupewa nani?