Chungu cha Nyamizi na Bunduki ya Mwanangwa

Mlio haujazi chungu. Mmeisikia methali hii jana mkutanoni, bibi mmoja akimtupia mheshimiwa aliyekuja na vipaza sauti, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka kitabuni. Ilitoka kwenye jiko la mjane, na chanzo chake ni hiki.

Zamani za Mwingereza, huko Ukonongo, palikuwa na kijiji kilichoitwa Isalamba. Watu wake walikuwa warina asali, na mwindaji wao alikuwa Kafumu, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, aliyewinda kwa gobore la baba yake. Palikuwa na desturi moja tamu sana: gobore likilia porini, akina mama walibandika vyungu. Hawakuuliza. Maji yalipoanza kuchemka, Kafumu naye alikuwa anatokeza kwenye njia ya mizinga, nyama begani, na watoto wakimkimbilia.

Mwaka mmoja mvua ikakataa. Mtama ukakauka kabla ya kutoa suke. Gobore nalo, kwa uzee, likapasuka mtutu. Kijiji kikakusanya nta yake yote, akiba ya mwisho, ikabadilishwe kwa bunduki mpya kule Tabora, kwa fundi Nassibu aliyeunda bunduki kwa kipimo cha bega la mwenyewe. Nyamizi, mdogo wake Kafumu, mjane mwenye pacha wachanga na maziwa yaliyoanza kumkauka, alitoa bonge lake la nta.

"Kaka," alisema, "huo ndio mchuzi wangu. Kauangalie vizuri."

Kafumu akaenda na Mwanangwa Lugendo, mkuu wa kijiji, kwa kuwa kibali cha bunduki kilikuwa kwa jina lake. Fundi Nassibu akawatolea mitutu miwili wajaribu uani kwake. Wa kwanza ulikula risasi nyembamba, ya robo inchi. Kafumu akafyatua, ikalia kama mtu aliyevunja ukuni mkavu, na kibuyu alichokilenga kikatoboka tundu moja dogo.

Mwanangwa akacheka. "Hii ni bunduki au kikohozi?"

Wa pili ulikuwa wa risasi nene kama kidole gumba, ya kuulia nyati. Ulipolia, njiwa wa mtaa mzima waliruka. Kibuyu hakikuonekana tena.

"Huu," Mwanangwa akasema. "Huu hata ng'ambo ya mto Ugalla watajua Isalamba kuna watu."

Kafumu akasugua bega. "Mwanangwa, nyati ni wa Serikali. Tembo ni wa Serikali. Pofu pia, Bwana Nyama, msimamizi wa wanyama, amekataza. Sisi tumeachiwa paa na digidigi. Hao hawahitaji radi."

"Nta ni ya kijiji, Kafumu, na kijiji ni mimi."

Hivyo ndivyo walivyosema wakubwa wakati ule, na mpaka leo wapo wanaosema hivyo. Kafumu akachukua radi yake wakarudi.

Asubuhi ya kwanza ya kuwinda, mlio ulitikisa Isalamba. Vigelegele vikapigwa. Vyungu vyote vikabandikwa, na hata watu wa kijiji cha jirani wakaja na mabakuli yao. Maji yakachemka. Yakapungua. Yakaongezwa. Nyamizi alikuwa ameanza kuongeza mara ya pili Kafumu alipotokeza, bega limevimba, mkoba umelegea. Akaufungua mbele ya watu: kichwa cha paa, kwato, na miguu miwili ya nyuma iliyochanganyika na mavi na udongo.

"Ni mnyama gani huyu?" Mwanangwa akauliza.

"Alikuwa paa, Mwanangwa."

"Na kiwiliwili?"

"Kiko kwenye majani. Na wenzake wote wamehama bonde."

"Lakini sote tumeusikia mlio!"

Nyamizi akanyanyuka na mwiko mkononi, pacha mmoja mgongoni. "Tumeusikia, Mwanangwa. Basi udake huko hewani uliko, unitilie humu. Mlio haujazi chungu."

Hakuna aliyecheka. Mwanangwa alitazama maji matupu yakitokota, akatazama mtoto, akainamisha kichwa. Kesho yake alijitwika ile bunduki begani mwake mwenyewe, akaongozana na Kafumu hadi Tabora, na fundi Nassibu akafunga ule mtutu wa robo inchi.

Siku Kafumu alipowinda nao, Isalamba haikusikia kitu. Nyamizi alikuwa akichambua majani ya mlenda, jiko limezimika, alipoona kivuli mlangoni. Kaka yake alikuwa na paa wawili wazima, kila mmoja ana tundu moja dogo nyuma ya bega.

"Sasa kaka, mbona hukunijulisha nibandike?"

"Nimekujulisha. Si ndio hawa?"

Tangu siku hiyo Isalamba walibandika chungu kwa kumwona mwindaji, si kwa kumsikia. Kijiji chenyewe hakipo tena. Walikihamisha wakubwa wengine, nao walikuja na mlio mkubwa, maji na zahanati vyote vimo mdomoni. Mizinga ikabaki kwenye miti, haina wa kuirina. Lakini pacha wa Nyamizi walikua. Mmoja wao ndiye yule bibi wa jana, aliyemwacha mheshimiwa amalize, kisha akamwambia alichoachiwa na mama yake: mlio haujazi chungu.