Barafu ya Friji

"Barafu ya friji, mama yake moto."

Wajukuu wa Bi Zaina walimsikia akiyasema maneno hayo walipokuwa wakipukuchua naye mahindi. Mmoja wao alikuwa amemsifu mwalimu wao mpya, kwamba kufundisha kwake kazi nyepesi, hata jasho hatoki. Wakamuuliza bibi maana yake. Akajipangusa mikono kwa kanga.

"Maana mtaiona wenyewe. Mimi nitawapa asili yake tu, nanyi msinikate kauli."

Palikuwa na mwanamke huku kwetu Handeni, enzi za mashamba ya mkonge, jina lake Mwanamkasi. Mkaza mwanawe alifariki baada ya kujifungua, akamwachia kichanga wa kike aliyeitwa Mwanjaa. Mtoto huyo aliishi kwa maziwa ya ng'ombe. Baba yake, Mhina, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kwenye boma la wafugaji, ng'ambo ya mbuga, na kurudi na kibuyu jua likiwa utosini. Maziwa ya mchana mtoto aliyanywa vizuri. Ya jioni yalikuwa yamekwisha kuchacha, hata yakichemshwa, maana joto la Handeni halina adabu. Wakimpa uji mwepesi, anautapika. Kila Mwanamkasi alipomwogesha mjukuu wake alizigusa mbavu zile, na hofu ikamshika. Alikwisha kumzika mama mtu. Hakutaka kumzika na mtoto.

Marehemu alikuwa akimfulia nguo mke wa meneja wa shamba. Yule mama wa Kizungu, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alisikia habari ya kichanga akaingiwa na huruma. Akatuma lori. Wanaume wakateremsha kasha jeupe, refu kama mtu, huku wakihema.

"Hii inaitwa friji," dereva akasema. "Maana yake kasha la baridi. Maziwa yakikaa humu hayachachi."

Akateremsha pia taa ndogo ya utambi na debe la mafuta ya taa, kisha akatia gari moto akaondoka. Alikuwa na mizigo mingine ya kuwahisha bandarini.

Basi neno lile likashika kijiji kizima. Aliyejipumzisha kivulini alisema yuko friji. Mume asiyesema na mkewe akaitwa friji. Hakuna aliyekosea maana yake, na Mwanamkasi aliifuata maana hiyo bila kupunguza. Kitu cha baridi kwa Mzigua ni mtungi, na mtungi una heshima yake: haukai karibu na mafiga. Akaiweka friji kwenye pembe yenye giza, juu ya mchanga alioumwagia maji asubuhi na jioni. Moto akaupiga marufuku nyumba nzima, hata mafiga akayahamishia uani. Ile taa ndogo akaitundika chumbani kwake bila kuiwasha, akamshukuru yule mama kwa zawadi ya pili.

Akatia maziwa ndani. Jioni alipofungua mlango, harufu ikamlaki. Yalikuwa yamechacha kuliko ya kibuyu! Akaongeza maji kwenye mchanga, yakachacha tena. Majirani wakasema pengine kasha lenyewe halijui Kizigua. Mhina akakata tamaa, akataka lifanywe kabati la nguo. Na Mwanjaa alikuwa halii tena kwa nguvu. Alikuwa akinung'unika tu, kisauti chembamba, na kisauti hicho ndicho kilichomtesa bibi yake.

Mchana mmoja, Mhina alipokwisha kuleta maziwa, Mwanamkasi aliamua kuisugua friji, akidhani uchafu ndio unaochachisha. Alipomaliza ndani, akaivuta aoshe na mgongoni. Akapitisha kitambaa kwenye bomba linalopanda huko nyuma, kikatoka cheusi tititi. Akakinusa, akaketi chini. Masizi! Mwanamke aliyepika maisha yake yote hadanganyiki na masizi. Akainama kuchungulia chini ya kasha, akaona nafasi tupu, ya kutosha taa ndogo.

"Mhina! Niletee ile taa."

"Ya nini mchana huu, mama?"

"Niiwashe humu chini."

Mhina akashika kichwa. "La haula! Kasha la baridi ulitie moto? Nani aliyekoka moto chini ya mtungi akanywa maji baridi?"

"Hakuna."

"Sasa je?"

"Sasa mtungi hauna masizi mgongoni. Hii inayo. Wenyewe walikuwa wakiwasha."

"Na ikiungua? Hatuna kingine, mama."

"Kingine hatuna hata sasa, mwanangu. Leta taa."

Akatia mafuta, akawasha, akasema bismillahi, akaisukuma mahali pale. Ikaingia sawasawa. Akatia maziwa, na kikombe cha maji katika kijichumba cha juu. Baadaye aligusa bomba la mgongoni akalikuta la moto kweli kweli. Lakini hakuizima.

Alfajiri, Mhina hajatoka bado, akafungua. Ubaridi ulimpiga usoni akarudi nyuma. Akaonja maziwa: matamu, kama yaliyokamuliwa sasa hivi. Akachukua kikombe akakiinamisha, na maji hayakumwagika. Akayagusa, akapiga ukelele.

"Yameniunguza!"

Hakupata kuona barafu tangu azaliwe. Akachutama pale chini, akautazama ule mwali mdogo, usiozidi ukucha, kisha akakitazama kikombe. Mwili ukamsisimka wote. "Subhanallah," akasema, na machozi yakamtoka bila yeye kujua ya nini.

Mhina akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Mama, hiki kimezaliwa na nini?"

Mwanamkasi akaonyesha chini. "Na ule pale. Barafu hii, mama yake moto."

Mwanjaa akanywa mchana, akanywa jioni, akanywa usiku, mashavu yakarudi. Lakini mwali ule ulitaka mtu. Utambi ukirefuka hutoa moshi, na ubaridi hukimbia. Ukizimika, maziwa huchacha. Mwanamkasi akawa wa kukata utambi, kufuta masizi, kusuka mikeka ili apate mafuta. Macho yakawa mekundu, vidole vikanuka mafuta ya taa hata wakati wa kula.

Siku moja shoga yake, Bi Mwajabu, alikuja kumjulia hali. Akamkuta Mwanjaa ameshiba, kalala kifudifudi, katulia tuli.

"Shoga, una bahati," akasema. "Kitoto chenyewe kipole, hakikusumbui. Hiki hata mama hakikumhitaji."

Mwanamkasi hakukasirika. Alijifunga kanga vizuri, akapiga magoti nyuma ya friji, akaanza kupunguza utambi. Bi Mwajabu akaviona vile vidole vyeusi, akayaona na yale macho mekundu. Kisha akapiga magoti naye, akamshikia taa.

"Shoga," Mwanamkasi akamwambia, "barafu ya friji, mama yake moto."