Ndama Aliyepakwa Mafuta

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Shemhilu, alikuwa na ng'ombe mmoja tu na chupa moja ya mafuta. Mafuta hayo yalitolewa kwenye majani ya mkaratusi na mchaichai kwa kuyachemsha na kukinga mvuke wake, nayo yalikuwa makali, tone moja hunukia nyumba nzima. Msiidharau chupa ile. Mwaka uliotangulia ng'ombe alipata jeraha mguuni likajaa nzi. Shemhilu akachanganya matone mawili na mafuta ya alizeti, akapaka kuzunguka jeraha, na jeraha likafunga. Tangu siku hiyo aliiamini chupa kuliko macho yake.

Miaka mitano ng'ombe hakushika mimba. Alipozaa hatimaye, asubuhi yenye ukungu, akazaa ndama jike, na Shemhilu akatetemeka kwa furaha. Akaogopa nzi, akaogopa kupe, akaogopa kila kitu. Kabla mama hajageuka kumlamba mwanawe, yeye alishambeba, akamfuta kwa gunia, akampaka mafuta kutoka puani hadi mkiani. Ndugu zangu, alifanya kwa upendo. Msimcheke.

Mama akamnusa, akarudi nyuma. Ndama akatafuta chuchu, akapigwa teke. Akajikokota tena, akapigwa tena. Shemhilu na mkewe walipojaribu kumkamua ng'ombe, alizuia maziwa, yakatoka matone machache tu ya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, hata hayakufunika kitako cha kikombe. Jua lilipofika utosini ndama hakuweza tena kusimama. Shemhilu akalia, kisha akainua fimbo ampige mama asiye na huruma.

Mkewe, Staheli, akamshika mkono. "Baba Sefu, mama huyu hamkatai mwanawe. Hajui kama ni wake."

Akamwosha ndama kwa maji ya vuguvugu na majivu, mara tatu. Akaokota majani yaliyolowa maji ya uzazi pale mama alipozalia, akamsugua nayo. Kisha akachukua kile kikombe. Matone yale ndiyo chakula pekee kilichokuwapo, na ndama alikuwa anakufa kwa njaa. Staheli hakumnywesha hata moja. Aliyapaka yote mgongoni mwa ndama, mumewe akitazama, kisha akamlaza miguuni pa mama na kuondoka zizini.

Staheli ndiye aliyenihadithia. Ng'ombe aliinamisha kichwa. Akanusa, akanusa tena. Ikatoka sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake miaka yote ile, nzito, ya chini, wakaihisi ardhini kwenye nyayo zao. Akaanza kumlamba, kichwa, shingo, mgongo, pole pole, hakuacha mahali. Na kabla ndama hajaigusa chuchu, maziwa yakaanza kudondoka yenyewe kwenye nyasi. Shemhilu alivua kofia. Alisimama hivyo mpaka ndama akasimama, akanyonya, akashiba.

Chupa bado iko darini kwake, na mbuzi wa jirani akiumia huiteremsha. Mafuta hayakuwa na kosa lolote.

Nawe unayenukia vizuri hivi mbele za watu, umejipaka nini hata mama aliyekuzaa hakutambui?