Vitasa vya Bi Mwavua

"Mama, kitasa ni kitasa tu! Unashika, unazungusha, unaingia. Au unataka kitasa kikupikie na chai?"

Ndivyo Mwantumu alivyomwambia mama yake, Bi Mwavua, kasimama ukumbini, boksi la vitasa kalikumbatia kama mtoto. Kavitoa mjini. Vyote vya rangi ya dhahabu, vyote mviringo, vinang'aa hata ukikiinamia kimoja unajiona meno.

Bi Mwavua akakipapasa kimoja, akapapasa na cha pili. Akasema, "Sijavikataa, mwanangu. Nasema tu vimefanana. Chumba changu kama stoo. Stoo kama msalani. Mtu atajuaje yuko wapi?"

"Si atatazama, mama!"

Bi Mwavua akanyamaza. Hapo ndipo pa kusema, na hapo ndipo aliponyamaza.

Sasa nisikilize. Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya watu wameshaezeka bati na redio zinaimba, huko milimani kwenye ukungu, palikuwa na huyu Bi Mwavua na nyumba yake. Kaijenga na marehemu mumewe, udongo wameukanyaga kwa miguu yao wenyewe. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba na pazia lake. Pazia la chumbani kwake lilikuwa kanga kuukuu, laini kama sikio la mbuzi. La stoo lilikuwa gunia. La msalani blanketi zito. Na la chumba cha binti yake mdogo, Sikuzani, na mumewe Kibwana, lilikuwa kitenge kipya kigumu, ukikigusa kinachakarika.

Mapazia nakutajia kwa nini? Kwa sababu macho ya Bi Mwavua yalikuwa yameingiwa na ukungu. Ukungu ulikuja polepole, kwa adabu, kama mgeni. Kwanza ulichukua vilele vya milima. Ukashuka ukachukua migomba. Ukaja uani ukachukua kuku, akawa anawasikia tu wanakwaruza. Mwisho ukaingia ndani, ukakaa naye kitako.

Hakumwambia mtu. Alijua wakijua tu, Mwantumu atamchukua ampeleke mjini, akalishwe kwenye kiti katika nyumba asiyoijua, aulizwe "mama umekula?" mpaka siku yake ifike. Yeye alitaka siku yake imkute kwake. Basi akawa anatembea kwa mapazia. Mkono ukigusa kanga, hapa kwangu. Ukigusa gunia, hapa stoo. Ukigusa kitenge, rudi nyuma mama, hapo kwa wakwe! Machoni giza, lakini mkononi nyumba yote ilikuwa na taa.

Ndipo Mwantumu akaja na milango na lile boksi la vitasa. Fundi akagonga siku nzima, mapazia yakashushwa yakawa matambara ya kudekia. Majirani wakaja kushangaa. "Mwavua, umekuwa mtu wa mjini!" Naye anacheka, he he, na moyo unamwenda mbio. Mwantumu akapanda gari akarudi kwake.

Bi Mwavua akapeleka mkono kwenye mlango, mkono ukakutana na kitu cha baridi, cha mviringo. Akaenda mwingine, baridi, mviringo. Mwingine, baridi, mviringo. Akasimama katikati ya ukumbi wake mwenyewe kama mtu aliyeshushwa kwenye nyumba ya watu.

Haikuchukua siku nyingi. Mchana mmoja, jua la usingizi, Bi Mwavua akatoka uani akajinyooshe kidogo. Akashika kitasa, akazungusha, akaingia. Akaketi kitandani. Akavua kilemba, akafungua kanga ya juu, huku anaimba kale kawimbo kake ka kupembeza watoto. Akajilaza. Akanyoosha mkono avute shuka.

Mkono ukashika mguu. Mguu mkubwa, una vinyweleo.

"He! Nani huyu?"

Mguu umekauka kama gogo.

"Nani nauliza!"

Chini ya shuka kikatoka kikohozi kidogo, cha aibu. Bi Mwavua akakijua. Kikohozi cha Kibwana!

Lo! Wewe wa leo unacheka. Kule kwao mkwe na mkwewe hawapeani mkono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Sasa huyu kamkuta kalala, na kajilaza pembeni yake, na mguu kaushika! Maskini Kibwana, alimsikia tangu anaingia. Lakini aseme nini? "Mama, umepotea"? Alijifunika gubigubi akaomba ardhi ipasuke.

Jioni ile ndani ya nyumba hapakulika. Bi Mwavua anafunga mzigo, anasema, "Natoka mimi. Nimejivunjia heshima mwenyewe." Kibwana uani anafunga mzigo wake, anasema, "Natoka mimi. Nyumba ni ya mama." Sikuzani yuko katikati analia, huyu mama, huyu mume, amshike yupi? Akamwuliza mama yake, "Mama, kwani hukuona?" Ndipo Bi Mwavua akasema, "Sioni, mwanangu. Sioni siku nyingi."

Habari zikafika mjini, Mwantumu akaja. "Kumbe! Basi hakuna mjadala. Kesho mama naondoka naye."

Akalala chumbani kwa mama yake. Akaota ndoto.

Aliota nyumba hii hii, lakini milango yake ina mikono. Kila mlango umetoa mkono mmoja kwa nje, kama mtu anayesalimia. Na mikono yote ni yake yeye Mwantumu, na pete zake. Mama anapita ukumbini, anashika mmoja, anauliza, "Wewe nani?" Mkono haujibu. Anashika mwingine, "Wewe nani?" Haujibu. Mama akaketi chini akalia. Pale pale mikono ikaanza kugeuka. Mmoja ukawa mkono wa bibi yao, mkavu, una mikunjo. Mmoja ukawa wa marehemu baba, una sugu za jembe. Mmoja mdogo, umelowa, wa mtoto anayetoka kuoga. Mama akainuka, akawa anapita anawaamkia mmoja mmoja kwa jina, na anacheka, na ukungu unaingia kwa mlango wa uani mweupe kama maziwa, wala mama hauogopi.

Mwantumu akaamka shavu limelowa. Alipomsikia mama yake anatafuta viatu, akamwambia, "Mama, viache. Hatuendi." Akaita watu, akaisimulia ndoto.

Sikuzani akasema, "Dada, nimekuelewa, kila mlango unataka mkono wake. Vitasa nitavitafuta mimi."

Akatoka huyo. Dukani hakuuliza rangi, hakuuliza bei kwanza. Alijifunga mtandio machoni, anapapasa. Watu wakacheka. "Dada, huo ni mchezo wa watoto!" "Mwacheni, kagombana na mumewe hataki kutuona!" Yeye anapapasa tu. Akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akapapasa. Akaenda kwa mtu aliyevunja kabati la zamani, akapapasa. Akapita kijiji kwa kijiji, na mara nyingine akiwa kafumba macho hivyo alihisi kama anatembea ndani ya kichwa cha mama yake, mle mnamonukia kuni na mvua.

Akarudi na kikapu. Cha chumbani kwa mama, kitasa cha mti, kimeshikwashikwa na watu waliokwisha kufa mpaka kimekuwa laini kama goti la mtoto. Cha stoo, chuma cha mkunjo, kinakwaruza kiganja. Cha msalani, cha udongo mweupe wa kung'aa, baridi kama mtungi. Na cha chumbani kwake na mumewe, mkono wa shaba wenye kijipete kinachoning'inia, ukikigusa tu kinalia kling! Kinapiga hodi chenyewe.

Sasa nani wa kuvifunga? Fundi yule alikwisha kwenda zake. Kibwana akasimama uani, mgongo kageuzia nyumba, akauambia mlango wa uani, "Wewe mlango, mwambie mama nitafunga mimi."

Bi Mwavua akiwa ndani akaujibu mlango, "Mlango, mwulize baba, anajua?"

"Mwambie mama sijui. Nitajua."

Kibwana mtu wa migomba, patasi hajaishika maishani. Mlango wa kwanza, wa stoo, akatoboa upande wa bawaba! Sikuzani akamwuliza, "Sasa mume wangu, huku nako mtu ataingilia?" Akahamia upande wa pili. Lile tundu la kwanza likabaki, upepo wa mlimani ukipita linapiga mluzi mwembamba, mpaka leo.

Na sehemu ya kuweka kitasa? Vile vya dhahabu alivyoving'oa vilikaa palipompendeza fundi. Kibwana alitaka vikae mkono wa mama unapodondokea wenyewe. Lakini mkono wa mkwe ataupimaje? Akauambia mlango, "Mwambie mama achovye kiganja kwenye unga, apite ukumbini kama anavyopita siku zote, aguse." Akatoka akaenda kukaa mbali mashambani. Bi Mwavua akachovya, akapita, akagusa. Kibwana aliporudi akakuta viganja vyeupe milangoni, vidogo, vya chini, vinene kidogo upande wa dole gumba. Alikaa anavitazama. Miaka yote aliyokaa nyumba ile, hakuwahi kuutazama mkono wa mama mkwe wake. Akatoboa mule mule katikati ya kiganja, taratibu, kama anaogopa kumwumiza.

Siku vilipokwisha, Bi Mwavua akatembea. Laini, hapa kwangu. Mkwaruzo na mluzi, hapa stoo. Baridi, hapa msalani. Kling! Rudi mama, kwa wakwe hapo! Kibwana akajibu toka ndani, "Mlango, mwambie mama nimemsikia!" Nyumba nzima wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyetoka na mzigo tena.

Jioni wameketi, Bi Mwavua akatoa ufunguo wa mlango mkubwa, ule wa mbele. Akasema, "Nyumba hii ilinipotea nikiwa ndani yake. Nikairudia. Aliyenirudishia ashike ufunguo huu tangu leo, na nikiondoka, mwenye nyumba ni yeye. Nani?"

Mwantumu akasema, "Mama, milango nimeleta mimi. Bila milango, hivyo vitasa mngevifunga kwenye mapazia? Na ndoto nimeota mimi. Hawa walikuwa wamelala tu."

"Dada, ndoto hata paka anaota!" Sikuzani kaishaondoka kitini. "Nani kachekwa dukani? Nani kajifunga macho akajikwaa mpaka kidole kikang'oka kucha? Tena ni wewe uliyemleta mama kwenye balaa na dhahabu yako."

"Na wewe uliyekaa naye nyumba moja, hukujua mama yako kapofuka!"

Hilo lilimchoma Sikuzani, machozi yakamlenga.

Kibwana akageukia ukuta. "Mimi siombi nyumba ya watu. Lakini tukiulizana, ndoto ilikuwa hewa na vitasa vilikuwa kikapuni. Nani kaviweka mkononi mwa mama? Na aibu nani kaimeza? Ningekwenda kwetu, hapa pangebaki nini?"

"Shemeji, usinichekeshe," Mwantumu akamkata. "Wewe ulimwona mama anapapasa kuta, toka zamani. Ulimwambia Sikuzani mwenyewe baada ya aibu ile, naye kaniambia. Ulinyamaza!"

"Sasa shemeji, mama mkwe anatazamwa machoni? Ningesema nimejuaje?"

Wakaanza wote kwa pamoja, huyu akisema na yule akisema, kuku wakashtuka huko bandani. Bi Mwavua kakaa tu, kiganja kimefunguka, ufunguo juu yake. Na yeye naye anajua moyoni: angesema siku ile ya boksi, pasingekuwa na aibu, wala ndoto, wala kikapu, wala unga milangoni. Lakini mkono wake umechoka kunyooka, na watoto wanangoja.

Haya, wewe uliyesikiliza mpaka hapa. Aliyeota, na milango kaleta yeye? Aliyetafuta macho kayafumba? Au mkwe aliyefunga, na nyumba si ya kwao? Je, nani alistahili kuushika ufunguo ule? Usinijibu mimi mbio mbio. Nenda kawaulize wa kwenu, dada zako na wakwe zako, uwasimulie kama nilivyokusimulia, na wao wakawaulize wengine.