Mgeni Aliyetoka Chini ya Gogo

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye miguu mingi?

Asipite juu ya mkeka wetu!

Hapo kale, katika kijiji kilichopakana na msitu, aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, pamoja na mumewe Mbaruku, mavyaa wake Bi Mwanahawa aliyemzaa Mbaruku, na mtoto wao mchanga, Mboni.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Mtu akienda kuokota kuni, haliinui gogo hivi hivi. Huligonga kwa fimbo, ko, ko, ko, akasema, "Hodi mwenye gogo!" Kisha husubiri kidogo, aliyemo apate kuondoka.

Siwatu aliolewa kutoka mbali. Desturi ile aliifuata, ila moyoni ilimchekesha.

Siku moja mvua ilikuwa inakuja. Wingu limetanda, Mboni analia mgongoni, na kuni nyumbani hakuna. Siwatu akaona gogo limelala. Hakugonga. Hakubisha hodi. Hakusubiri. Akalipindua.

Chini yake alikuwepo tandu, mnene kama kidole gumba, amejikunja mviringo. Katikati ya mviringo ule yalikuwa mayai yake, madogo kama punje za mtama, naye akiyalamba moja moja yasiote ukungu. Mwanga ukamwangukia. Tandu akatetemeka. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kuyala.

Akala hadi la mwisho.

"Mama gani wewe, unakula wanao?" Siwatu akasema. Akatema mate chini, akajitwika gogo, akaenda zake.

Gogo lilikuwa na unyevu, halikushika moto. Akaliegemeza jikoni.

Basi jioni ile, jua linazama, wakasikia, "Hodi." Siwatu akatoka. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, amejifunika kaniki, shuka nyeusi, gubigubi, na pindo la kaniki lilikokota nyuma mpaka likapotelea gizani.

"Nipe maji, mwenzangu. Nilipokuwa nakaa pamekauka."

Siwatu akamletea kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili. Mgeni akatoa mkono amsalimu, lakini Siwatu hakuwa na mkono mtupu wa kuupokea. Mgeni akanywa, akageuka. Mchakacho wa hatua zake ulikuwa kama wa watu wengi wanaotembea pamoja, na mtu alikuwa mmoja.

Bi Mwanahawa alikuwa anapepeta mtama. Aliposikia habari, ungo ukasimama.

"Alikupa mkono?"

"Alinipa, mama. Nilikuwa nimeshika kata."

"Basi ishukuru kata. Tandu hang'ati kwa kinywa, mwanangu. Wapo wembamba kama uzi, wapo wa miguu mirefu wanaokimbia ukutani, wapo wanene kama yule. Wote sumu yao iko katika miguu ya mbele kabisa, ile inayokaa kama mikono. Siwatu, uligonga gogo?"

Siwatu akaligeukia gogo lililoegemea jikoni.

Mbaruku akacheka. "Mama nawe na tandu wako! Mdudu hukatwa kichwa, akafa."

Jioni ya pili akajibanza nje na panga. "Hodi," mgeni akasema. "Nipe pa kulala, mwenzangu. Paa langu limechukuliwa." Mbaruku akaona chini ya kaniki kichwa chenye pembe mbili. Akakata!

Hakikuwa kichwa. Ulikuwa mkia, na zile pembe ni miguu ya mwisho, maana tandu hujionyesha kichwa mbele na nyuma. Kichwa chenyewe kikageuka taratibu kutoka upande wa pili.

"Umenikata mguu, shemeji. Ninayo mingine." Akampa mkono.

Usiku kucha Mbaruku alipiga kelele. Mkono ulivimba kama mchi.

Jioni ya tatu wakafunga mlango kwa komeo; Mbaruku hoi chumba cha pili, mama yake akimuuguza, na Siwatu peke yake na mtoto. Mgeni hakubisha hodi. Kaniki iliteleza ikapita chini ya mlango, laini, haina mwisho, ikaanza kuzunguka chumba.

"Nipe mtoto," mgeni akasema. "Wangu niliwala kwa sababu yako."

Siwatu hakuwa na panga, wala pa kukimbilia. Akalala chini, akajikunja kumzunguka Mboni, magoti yakakutana na paji la uso wake.

"Nipe mtoto."

Mboni akalia. Siwatu hakuthubutu kuachia mkono hata mmoja amfute. Akamlamba machozi.

"Nipe mtoto."

"Mwenzangu," Siwatu akasema, "hivi ndivyo nilivyokukuta."

Mchakacho ukakoma.

"Na mtu akikufunua sasa," mgeni akauliza, "utafanya nini?"

Siwatu alitaka kusema, kamwe, mimi siwezi. Lakini hofu iliyokuwa kifuani mwake hakuwahi kuiona, wala hakujua chini yake kuna nini.

"Sijui," akasema.

Mgeni akaivuta kaniki taratibu kurudi mlangoni.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Rudisha paa langu."

Kulipokucha Siwatu akalibeba gogo msituni. Akaona alama yake udongoni, akalilaza palepale, upande uleule. Akashika fimbo, akagonga, ko, ko, ko.

"Hodi mwenye gogo. Nisamehe."

Akasubiri. Kutoka ndani ya gogo akajibiwa, ko, ko, ko.

Akarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Mkono wa Mbaruku ukapona. Ila tangu siku ile, mvua ikikaribia, vidole vyake huanza kutambaa vyenyewe juu ya mkeka, naye hukaa anavitazama. Na Siwatu hakumuuliza tena mtu yeyote, "Mama gani wewe?"

Hadithi yangu imeishia hapo, gogo limerudi mahali pake. Nanyi watoto, kabla hamjafunua cha mwenzenu, bisheni hodi. Na aliyetenda jambo kwa hofu, msimhukumu upesi. Hofu yenu wenyewe hamjaijua.